Mafuta Aliyomwaga Baba Chini ya Ndege

Wiki iliyopita, nje ya duka la vipuri pale mjini Wote, kijana mmoja alifungua kabureta ya pikipiki yake akamwaga petroli kidogo mchangani. Nilikuwa napita na kikapu changu cha nyanya. Harufu ya mafuta juu ya vumbi lenye moto ilinifikia, nikashindwa kuvuka barabara. Mwalimu mstaafu, bibi wa watu, nimeganda kando ya lami kama ng'ombe aliyeona reli. Kijana aliniuliza kama niko sawa, nikamwambia ni jua tu. Nilirudi nyumbani nikaketi na kikapu mapajani mpaka chai niliyowekewa ikapoa.

Baba yangu alikuwa fundi wa ndege. Nikisema hivyo watu hudhani natania, kwa sababu katika Ukambani ya utoto wetu fundi alikuwa wa baiskeli, wa cherehani au wa kuchonga vinyago. Lakini kusini mwa Kitui, ng'ambo ya mto Tiva, kulikuwa na misheni yenye zahanati, kanisa la mabati, shule ya msingi na uwanja wa ndege uliofyekwa katikati ya miiba. Barabara ilikatika kila mvua iliponyesha, kwa hiyo wagonjwa waliozidiwa walipelekwa Nairobi kwa ndege ndogo ya injini moja. Rubani alikuwa Mzungu kijana tuliyemwita Bwana Petro, mtu wa haraka na wa kucheka. Fundi mkubwa alikuja kutoka Nairobi mara chache kwa mwaka. Siku nyingine zote aliyeitunza ndege ni baba, ambaye alijifunzia injini kwenye mashamba ya mkonge, na ambaye aliisikiliza ile ndege namna mama anavyomsikiliza mtoto mwenye kikohozi.

Mimi ni kifungua mimba, na kwa desturi yetu nilipewa jina la mama yake baba, Syokau. Basi baba hakuniita Syokau hata siku moja. Aliniita mwaitu, yaani mama yangu, na kila asubuhi alinisalimia kwa heshima iliyochanganyika na mzaha: mwaitu umeamkaje, mwaitu umekula nini. Bibi mwenyewe alifariki kabla sijazaliwa, mwaka wa njaa, na niliwahi kuwasikia watu wazima wakisema kwamba alikufa akiomba maji. Maneno kama hayo mtoto akiyaokota hayatupi. Nilijua nimebeba jina la mtu aliyekwenda na kiu yake.

Kila asubuhi ya safari, kabla jua halijawa kali, baba alikuwa na jambo lake. Alivua kofia. Aliinama chini ya bawa la kushoto na glasi ndogo, akakinga mafuta kutoka kwenye kijibomba, kisha akaiinua glasi kwenye mwanga na kuitazama kwa muda, midomo ikicheza bila sauti. Halafu akamwaga chini. Akaenda bawa la kulia, vivyo hivyo. Mwisho alipiga magoti chini ya pua ya ndege, akakinga tena, akatazama, akamwaga. Mara tatu, na ukimwita wakati huo hakuitika. Ndege iliegeshwa mahali pale pale siku zote, na pale alipomwaga palikuwa na madoa matatu ambayo hayakuota hata jani moja, hata baada ya mvua.

Sasa sikilizeni tulichofundishwa kanisani. Mwalimu wetu wa Shule ya Jumapili aliitwa Ndunge, mwanamke mpole mwenye sauti nzuri, na somo alilolipenda kuliko yote lilikuwa dhambi za wazee wetu. Alituambia jinsi walivyokwenda ithembo, mahali pa kutambikia, wakawamwagia pombe na maziwa aimu, yaani roho za waliokufa, ili wawape safari njema na mvua. Alituigizia kabisa. Mzee anavua kofia, anainama, midomo inacheza, anamwaga chini. Halafu akatuambia watu hao wako wapi sasa, na jinsi moto wa huko usivyozimika. Nilikuwa nimekaa kwenye mkeka, mikono imelowa jasho, kwa sababu mzee niliyemwona akivua kofia alikuwa wa nyumbani kwetu.

Kisha ndege ikaugua. Bwana Petro alirudi siku moja akasema haina nguvu, ikipanda inatetemeka na mshale wa mzunguko wa injini unashuka. Jumamosi nzima baba aliishughulikia, nami nikakaa juu ya pipa tupu nikimtazama. Aliniambia injini ni kama mtu, haitaki maneno mengi. "Inataka vitu tatu peke yake, mwaitu. Mafuta, hewa na moto. Ukikosa moja, hakuna kuenda." Akaanza na moto. Injini ya ndege ina magneto mbili za kutoa cheche, moja ikifa nyingine ibebe, basi alizima moja akasikiliza, akazima ya pili akasikiliza, akatikisa kichwa. Alitoa plagi zote akazipiga brashi, akazipanga juu ya kitambaa cheupe ili kila moja irudi kwenye tundu lake. Akaja kwenye hewa. Alifungua kichujio akakung'uta vumbi la Kitui, na ndani ya bomba akakuta nyigu wameanza kujenga nyumba ya udongo. Akaibomoa. Akawasha. Injini ikanguruma vizuri, halafu ikalegea tena kama mtu aliyekumbuka msiba.

Jua lilikuwa limeanza kushuka alipovua kofia. Akaenda bawa la kushoto, akaenda la kulia, akapiga magoti chini ya pua. Safari hii hakumwaga kidogo. Alimwaga glasi baada ya glasi mpaka ardhi ikalowa na macho yangu yakawasha kwa harufu. Alipowasha tena, sauti ilipanda ikakaa huko huko juu. Baba alicheka, akaninyanyua kutoka kwenye pipa, akasema, "Imetapika yote. Imepona."

Labda alinieleza ilikuwa imetapika nini. Sikumbuki, na kusema kweli sidhani ningesikia, maana nilikuwa nimekwishajijibu. Niliona kwa macho yangu: spana zimeshindwa, brashi imeshindwa, na baba alipowamwagia aimu ndege ikapona.

Kesho yake Mwalimu Ndunge aliuliza kama kuna mtoto ambaye kwao bado wanafanya mambo ya kale. Alikuwa ameshika kadi yenye picha ya mwanakondoo, zawadi ya mtoto mkweli. Ningependa kuandika kwamba nilisukumwa na hofu peke yake. Hofu ilikuwepo, tena kubwa. Nilikuwa nikimwona baba katikati ya moto kila nikifumba macho, na hakuna kitu nilichokipenda duniani kuliko baba. Lakini niliitaka pia ile kadi. Nikainua mkono nikasimulia yote, kofia, magoti, mara tatu, na Mwalimu Ndunge akanikumbatia mbele ya wenzangu.

Siku ya pili yake Mzee Mbithi, mwenyekiti wa wazee wa kanisa, alikuja kwetu. Mama alimpa kiti kivulini na chai ya maziwa, na mimi nikajificha jikoni nyuma ya mtungi. Walizungumza kwa sauti ya chini, kisha nikamsikia baba akicheka, akisema hiyo ni kazi yake, hata Bwana Petro anajua. Mzee Mbithi hakucheka. "Kama ni kazi, utakuja ueleze wazee Alhamisi asubuhi," alisema. "Na mpaka tumalize hii maneno, mikono yako isiguse kitu ya misheni." Baba alitaka kubisha. Mama, ambaye alilipenda kanisa kwa nguvu zake zote na ambaye alijua aibu ya kukalishwa benchi la nyuma, alimsihi aende ayamalize. Sikumsikia yeyote akilitaja jina langu. Jioni ile baba aliniuliza kama kawaida mwaitu amekula nini, nami nikashukuru Mungu kwamba hajui.

Mvua ilinyesha Jumanne usiku, ikarudi Jumatano usiku. Ndege ilikaa nje na matangi nusu, kwa sababu safari ilikuwa ya Ijumaa. Alhamisi baba alivaa koti lake akaenda kanisani.

Tulikuwa darasani wanaume wanne walipopita dirishani wamebeba kitanda cha kamba. Juu yake alikuwa msichana, yaani sasa ndipo ninapomwita msichana, wakati ule nilimwona mtu mzima. Alikuwa na uchungu wa mimba ya kwanza kwa siku mbili, wametembea naye kutoka upande wa Ikutha. Jina lake nililijua baadaye, Kanini. Alikuwa ameshikilia ukingo wa kitanda kwa mkono mmoja na alikuwa hapigi kelele tena. Haukupita muda tukamsikia Bwana Petro akiita watu, na mwalimu akatufungulia mlango, kwa maana kila ndege ilipoondoka tuliruhusiwa kusimama kwenye ua wa miiba tukapunga mikono.

Niliona kila kitu. Mtumishi wa zahanati alipampu mafuta kutoka kwenye pipa lililokuwa limesimama mvuani. Bwana Petro aliizunguka ndege mbiombio, akagonga gurudumu kwa kiatu, akasaidia kumpandisha Kanini, akapanda. Hakuna aliyeinama chini ya bawa. Hakuna glasi. Hakuna aliyepiga magoti.

Na mimi nilifurahi. Neno hilo naliandika kwa shida, lakini ndilo la kweli. Niliona kwamba ndege yetu inakwenda safi, haijamwagiwa aimu, na kwamba kazi hiyo nzuri nimeifanya mimi. Nilipunga mikono yote miwili.

Ilikimbia, ikanyanyuka, ikapita juu ya paa la kanisa ikiwa na sauti nzima. Kisha sauti ikakatika. Ikakohoa mara moja, ikakohoa tena, halafu ukawa ukimya ambao mpaka leo nikiusikia, tuseme umeme umepotea na friji imezima ghafla, lazima nitoke nje nisimame na watu. Bawa moja liliinama. Ndege iliingia nyuma ya miiba na kishindo kidogo, kama gunia la mahindi lililodondoshwa na watu waliochoka. Nilimwona baba akitoka mbio mlangoni mwa kanisa, na alikuwa wa kwanza kufika.

Bwana Petro alivunjika miguu na mgongo, akachukuliwa kwao Ulaya, hatukumwona tena. Kanini alirudishwa zahanati ile ile aliyotolewa, juu ya kitanda kile kile. Yeye na mtoto wake hawakufika jioni.

Walikuja watu kutoka Nairobi wenye kaptura na makaratasi. Walifungua chini ya injini wakakinga, wakatazamana. Walimuuliza baba nani aliiandaa ndege, akasema hakuwa kazini. Wakamuuliza alikuwa wapi, akasema kanisani. Hakuongeza neno, na wazee waliokuwa wamesimama pale hawakuongeza pia. Ile kesi ya kumwaga ikafa bila hukumu. Misheni haikuleta ndege nyingine, na baada ya mavuno tulihamia Mbumbuni, kwao mama, ambako baba alipata kazi ya kuendesha mashine ya kusaga unga.

Wenzangu, mnadhani nilielewa? Mtoto akishapotea njia huongeza mwendo. Nilijiambia kwamba aimu wamekasirika kwa kunyimwa chao, kwamba bibi yangu aliyekufa na kiu ndiye aliyenyoosha mkono akaivuta ndege chini, na kwamba atakayefuata kuvutwa ni mimi, mwenye jina lake. Nikaanza kumwaga. Kila nilipopewa kikombe cha maji nilikwenda nyuma ya nyumba nikamwaga mara tatu, moja kwa bibi, moja kwa Kanini, moja kwa mtoto ambaye sikujua nimwiteje. Ulikuwa mwaka wa ukame, punda walitembea tangu alfajiri kutafuta maji kwenye mchanga wa mto, na mama aliponikamata nikimwaga maji ya kunywa alinipiga mpaka akalia yeye. Sikumwambia sababu. Nilibadilisha tu mahali.

Nilikuwa na miaka kumi na miwili siku niliyomkuta baba amepiga magoti kando ya mashine ya unga, anakinga dizeli kwenye glasi. Nilimuuliza anampa nani. Hakuelewa swali. Aliniita karibu akaniinulia glasi, akanionyesha kwamba chini ya mafuta kuna kitu kingine, cheupe, kimekaa peke yake na mpaka wake. "Haya ni maji," alisema. "Inaingia kwa pipa mvua ikinyesha. Mafuta inaelea, maji inakaa chini, na chini ndiyo injini inavuta. Kama hujamwaga, inakunywa maji inakufa." Akanidondoshea kiganjani petroli kidogo aliyoiweka ya kuoshea vyuma, ikapotea ikiacha baridi. Akanidondoshea tone la maji, likabaki. Alisema ndivyo alivyokuwa akihakikisha kwenye ndege, asubuhi zote zile.

Nilitazama lile tone kiganjani mwangu. Kisha nikaenda nyuma ya mashine nikatapika.

Sikumwambia baba. Sikumwambia mama mpaka tukamzika, sikumwambia mume wangu. Nikawa mwalimu, na katika miaka yote ya kufundisha kila Kanini aliyeingia darasani mwangu nilimwita kwa jina la baba yake. Wengine walidhani ni heshima. Kuna mwaka nilikuwa na watatu. Nilikuwa nikiita rejista asubuhi naruka jina nasoma la pili, na wale watoto wakajifunza kuitika bila kuuliza, maana mtoto huzoea wazimu wowote wa mwalimu.

Baba alipougua ugonjwa wake wa mwisho nilichukua likizo nikaenda Mbumbuni kumuuguza. Mchana mmoja nilikuwa nampaka mafuta miguu, imekauka, imebaki mifupa, nikaanza kulia, na yale maneno yakatoka yenyewe. Nilimweleza yote: mkeka, kadi, mkono niliouinua. Nilimwambia kwamba mimi ndiye niliyemwua yule mama na mtoto wake na kumvunja Bwana Petro, na kwamba nilipunga mikono.



"Mwaitu, mimi nilijua," alisema. "Mzee Mbithi aliniambia siku ile alikunywa chai kwetu. Alisema ni mtoto wako ndiye ameleta haya maneno."

Nilimuuliza kwa nini hakuniambia. Alisema hakukuwa na la kusema, nilikuwa mtoto. Halafu, kwa kupumzika kila baada ya maneno machache, alinieleza asubuhi ile kanisani, na nilikuwa nimeifikiria maisha yangu yote bila kuwaza hata mara moja kwamba kulikuwa na upande wa ndani.

Alikuwa amewaeleza wazee kuhusu maji na mafuta. Wengine walielewa, Mzee Mbithi hakutaka kuelewa. Wakiwa katikati ya maneno wakasikia injini ikiwaka huko nje. Baba akasimama. Aliwaambia ile ndege imekaa kwenye mvua siku mbili, wamwache dakika tano tu aende arudi.

"Mzee akaniambia enda, hakuna mtu amekufunga kamba. Lakini ukitoka hapo kwa mlango, sisi tunatuma mtu shule. Mtoto aletwe hapa mbele, aseme tena yenye alisema. Na kama amesingizia baba yake, atachapwa mbele ya kanisa." Baba alipumua. "Nikamwambia hapana. Mtoto hapana. Akasema mchelea mwana kulia hulia yeye. Nikamwambia basi nitalia mimi, nikaketi. Nilifikiri Petro atamwaga. Alikuwa ananiona kila siku."

Nilimuuliza alisikia nini. Alisema alisikia tangu ilipokuwa bado chini, inajaribiwa, kwamba kuna mahali inasita kidogo, na kwamba alishika benchi kwa mikono miwili.

Nilimuuliza kama siku ile ingerudi, angesimama atoke au angeketi tena. Aligeuza uso ukutani. Nikaendelea kumpaka mafuta. Alifariki siku ya tatu yake.

Siku ndege ilipoanguka nilikuwa na miaka minane. Viboko vya kanisa alivyoniepushia baba vilikuwa sita, na watoto niliowaona wakichapwa walikuwa wakicheza kati, ule mchezo wa kukwepa mpira, jioni ile ile.